Paji la Uso la Mama Shiro

Kicheko kilianzia kwa Mama Wamae, na anayemjua Mama Wamae anajua hakikuwa kicheko cha kufichwa kwa kiganja. Chama kilikuwa kimekutana nyumbani kwake Othaya, chai imeshamiminwa, nduma ziko kwenye sahani, na mweka hazina alikuwa bado anatafuta miwani yake. Simu ya Mama Wamae ikalia. Akaitazama, akaitazama tena, akajipiga paja kofi.

"Aai! Mama Shiro, kuja uone. Huyu ni wewe ama si wewe?"

Phyllis Ngendo, ambaye wenzake walimwita Mama Shiro, alisogea na kikombe chake mkononi. Kwenye simu palikuwa na stika, vile vijipicha ambavyo watu hutumiana kwenye grupu wakiona uvivu wa kuandika. Ilikuwa picha ya paji la uso la mwanamke. Paji tu, limekatwa hapo juu ya nyusi, na katikati yake mfereji uliopita kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine. Chini, kwa herufi kubwa nyekundu, mtu alikuwa ameandika: KICHWA NGUMU.

Mfereji huo si kitu cha ajabu kwa wanawake wa milima ile. Ukibeba kuni, maji na majani ya ng'ombe tangu utotoni, mzigo mgongoni, na mukwa, ule ukanda wa ngozi, umepita chini ya mzigo na kuja kukaza kichwani, mwisho kichwa chenyewe kinakubali na kubonyea. Nusu ya wanawake waliokuwa wakinywa chai pale walikuwa nao. Lakini wa Phyllis ulijipinda juu ya jicho la kushoto, ukalikwepa kovu la jembe, na hakukuwa na mwingine kama huo Othaya nzima. Ndiyo maana kitambaa chake cha kichwa kilifungwa chini hadi karibu kigusane na nyusi, kanisani, sokoni, hata akienda kukama.

"Ni Shiro amekuchora!" alisema Mama Wamae. "Mtoto wangu anasema ni ya kitabu ya katuni, ati wewe ndiye shujaa. Watoto wote wako nayo kwa simu. Haki, Mama Shiro, umekuwa maarufu na hujatuambia!"

Wakacheka wote. Phyllis naye akacheka, na hapo ndipo pabaya, maana kicheko cha kulazimisha kinauma koo. Alikaa mpaka pesa zikakusanywa na maombi yakafungwa. Alipotoka nje alikivuta kitambaa chini zaidi, akapita njia ya nyuma ya kiwanda cha majani chai ili asikutane na mtu.

Binti yake, Shiro, alikuja nyumbani Alhamisi kutoka Nyeri, ambako alikuwa amepanga chumba kimoja na kuchora tangu asubuhi hadi macho yamwashe. Alimkuta mama yake akikata majani ya ng'ombe kwa panga. Panga lilikuwa linashuka kwa nguvu kuliko majani yalivyohitaji.

"Maitu, habari ya hapa?"

"Nani alikuambia unichore?"

Shiro akaweka mkoba chini polepole. Alikuwa amefikiria siku hiyo kwa miezi, lakini katika kufikiria kwake mama alikuwa anatabasamu.

"Nilitaka iwe sapraizi. Maitu, hebu nikuonyeshe kava yote. Hiyo stika ni mtu tu alikata—"

"Nimeona ya kutosha. Rudisha hiyo simu kwa mfuko."

"Lakini hujaona!"

"Kwani mimi ni ng'ombe ya maonyesho? Nizungushwe watu waangalie?" Phyllis akasimamisha panga. "Wewe Shiro, unakumbuka siku ya graduesheni yako?"

Shiro alikumbuka.

"Mtu wa picha alisema, mama, shukisha kitambaa kidogo, hiyo kitu inaonekana. Na mimi nilikuwa nimevaa ile mpya, ya bluu ya maua ya manjano, nimeifunga juu nikijua leo ni siku kubwa. Si yeye alishukisha. Ni wewe. Na mkono yako. Ukanivuta hivi, kama unafunika sufuria." Akakivuta kitambaa chake kuonyesha. "Sasa hiyo siku ilikuwa aibu, na leo ni ya kuuza?"

Ng'ombe alitoa kichwa nje ya boma akalia kudai chakula chake. Shiro aliinama akaanza kukusanya majani, machozi yakimwangukia kwenye vidole. Mtoto yule tangu zamani alijua kusema kwa penseli tu.

Mume wa Phyllis, Theuri, mpishi mstaafu wa shule ya sekondari, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Alijaribu bahati yake.

"Nyina wa Shiro, lakini hiyo kava yenyewe ni nzuri. Vile ameinama, na vile mlima iko nyuma—"

"Wewe umeiona wapi?"

"Nimesikia," alisema Theuri, akarudi jikoni haraka.

Mwishowe walikubaliana hivi. Vitabu vilikuwa vimeshapigwa chapa Nairobi na havingeweza kurudi kuwa karatasi nyeupe. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, Nyeri mjini. Shiro angetengeneza lebo, vile vibandiko vya bei, na kabla kitabu chochote hakijauzwa angebandika moja juu ya paji la yule mwanamke kwenye jalada.

"Kila kitabu?"

"Kila kitabu, Maitu."

"Nitakuja nione na macho yangu," alisema Phyllis, akarudia panga lake.

Sasa ni haki msomaji aambiwe jalada lenyewe lilikuwa limefanya nini katika miji ile, kwa sababu Phyllis peke yake ndiye hakuwa ameliona.

Shujaa aliitwa Mukwa. Kisa kilitungwa na Zubair, kijana wa Majengo aliyekuwa na duka la kuchapa tisheti, na Shiro ndiye aliyechora. Walikuwa wameweka jalada mtandaoni Jumapili jioni, wakitumaini marafiki watalipenda kwa huruma. Kufikia Jumatatu adhuhuri simu ya Zubair ilikuwa moto kiasi cha kuiweka juu ya kopo la maji baridi. Vijana wa boda wa Chaka walikuwa wamemchora Mukwa kwenye vile vipande vya mpira vya kuzuia matope, kila mmoja akidai wake ndio unafanana zaidi. Wabeba magunia wa vinu vya mpunga kule Mwea walipiga picha wamejifunga mikanda kichwani. Msichana wa Nanyuki alijichora mfereji kwenye paji kwa wanja, wenzake wote wa darasani wakamfuata, na mwalimu akakosa la kufanya kwa sababu hakuna kanuni ya shule inayokataza mfereji. Watu wazima waligombana ndani ya duka la kinyozi kama Mukwa anaweza kuung'oa Mlima Kenya wote au nusu tu.

Kwa hiyo Shiro alipofika dukani na kusema habari ya lebo, Zubair alikaa chini juu ya rundo la tisheti.

"Shiro. Watu hawajapenda viatu yake. Wamependa hilo paji. Tukifunika paji tunauza nini? Shingo?"

"Nimemwahidi."

"Tumengoja hii kitu miaka! Umeona watu wenye wamesema watakuja? Wengine wanatoka Karatina na mapema!"

"Zubair, kama ni mama yako?"

Zubair alifikiria mama yake. Aliwasha mashine. Lebo zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, za manjano, na bei katikati. Shiro alizikunja na kuziweka mkobani, na njia nzima ya kwenda chumbani alijiona kama mtu aliyebeba jiwe la kuvunjia dirisha lake mwenyewe.

Jumamosi Theuri aliamka kabla ya jogoo akasema anakwenda Chaka kuona ndama. Phyllis alishangaa kidogo, maana hawakuwa na haja ya ndama, lakini alikuwa na mambo yake. Alivaa koti zito na kitambaa, akachukua kiondo. Ndani ya kiondo alitia mukwa wake, umekunjwa vizuri, kwa kuwa alipanga kurudi na gunia la chakula cha ng'ombe, na kutoka barabarani hadi kwake ni mlima mtupu.

Aliposhuka kwenye steji Nyeri, mawingu yalikuwa yameshuka pia. Kitu cha kwanza alichokiona ni kijana mrefu amesimama katikati ya matope, mbele yake maboksi matatu makubwa, na kando mkokoteni uliopasuka gurudumu.

"Zubair? Si wewe uko na Shiro kwa hiyo maneno ya vitabu?"

"Mama Shiro! Shikamoo—habari ya asubuhi." Alichanganyikiwa. "Gari ya Nairobi imeshusha vitabu hapa sasa hivi. Ilikuwa ije jana. Watu wamejaa huko juu ukumbini, Shiro anangoja na lebo, na mimi siwezi kupanda."

"Chukua boda."

"Boda gani?" Zubair alikaribia kulia. "Angalia."

Phyllis aliangalia. Steji nzima haikuwa na boda hata moja. Zote zilikuwa zimepanda ukumbini kumwona Mukwa. Na barabara ya magari ilikuwa imechimbwa kuwekwa mabomba, kwa hiyo hata teksi isingefika. Njia iliyobaki ilikuwa ngazi za mawe, ndefu, zinazopanda ubavu wa kilima. Tone la kwanza la mvua likagonga boksi, paa.

"Zitalowa," alisema Phyllis.

"Najua, mama."

"Fungua moja nione."

Zubair alisita. Alijua lebo hazijabandikwa. Lakini mama mzima amesimama mbele yako kwenye mvua na amesema fungua, utafanya nini? Akakata gundi kwa ufunguo, akatoa kitabu, akampa kwa mikono miwili.

Phyllis alikishika mbali kidogo, kama watu wa umri wake wanavyosoma. Mto ulikuwa umefurika, maji ya rangi ya udongo yakibeba miti. Kutoka ndani ya maji alikuwa anapanda mwanamke, ameinama mbele kwa nguvu zake zote, mguu mmoja umeshika mwamba. Mgongoni alikuwa na basi zima la shule, limejaa watoto, na ukanda uliolibeba basi lile ulikuwa umekaza kwenye paji lake. Pale ukanda ulipoingia mwilini, kwenye ule mfereji uliojipinda juu ya jicho la kushoto, mwanga ulikuwa unatoka na kumulika bonde lote hadi theluji ya mlima. Macho yake yalikuwa yanatazama juu. Hakuwa anaomba msaada. Alikuwa anakwenda.

Kisha akaona kitambaa. Cha bluu, cha maua ya manjano. Kilikuwa kimefunguka, kimeachana na kichwa, upepo unakipeleka juu ya maji, na mkono wa mwanamke haukukikimbilia. Shiro alikuwa amechora kila ua.

Phyllis alikiangalia kitambaa kile kwa muda mrefu, akaelewa ni nani aliyekuwa akizungumza naye, na kuhusu siku gani. Matone yalizidi. Moja lilianguka kwenye jalada, akalifuta kwa kidole gumba.

"Huyu mtoto," alisema. "Huyu mtoto si angesema tu."

"Mama?"

"Rudisha ndani. Funga. Lete hiyo box ingine uweke juu ya hii."

"Mama Shiro, hapana, ni nzito sana, hiyo ni karatasi—"

"Nimebeba kuni mbichi nikiwa na mimba ya Shiro. Weka."

Alitoa mukwa kwenye kiondo, akavua koti akaufunika mzigo usije ukaingia maji. Akapitisha ukanda chini ya maboksi, akalivuta fundo, akageuka na kuchuchumaa akiyapa mgongo. Akauleta ukanda kichwani. Ukateleza. Akaurudisha, ukateleza tena, kwa sababu mukwa haukai juu ya kitambaa laini, na hilo alilijua tangu akiwa msichana. Kwa muda mdogo mikono yake ilikaa hewani. Steji ilikuwa imejaa watu.

Akakifungua kitambaa, akakitupa ndani ya kiondo.

Ukanda uliingia mahali pake. Phyllis aliegemea mbele, akasema "hii!" kwa pumzi, akasimama na maboksi mawili mgongoni.

"Wewe beba hiyo moja na kiondo yangu," alimwambia Zubair. "Na usiniongeleshe kwa ngazi."

Ukumbini mambo yalikuwa yamechacha. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango na kushuka ngazi, watu wameng'ang'ana chini ya miavuli na mifuko ya plastiki. Wengi walikuwa wamejifunga kichwani walichopata: mikanda ya suruali, kamba za viatu, vipande vya gunia. Wengine walikuwa wameanza kuimba, wengine kunung'unika. "Kwani vitabu viko wapi?" "Tumetoka Nanyuki, haki!" Ndani, Shiro alikuwa amesimama nyuma ya meza tupu, ameshika lebo zake za manjano, akiomba ardhi immeze.

Wa mwisho kwenye foleni, chini kabisa, alikuwa msichana aliyejichora wanja. Alisikia hatua nyuma yake, akageuka. Akamshika mwenzake mkono, mwenzake akageuka, na hivyo wakageuka mmoja mmoja kupanda ngazi, miavuli ikainama, kelele ikafa. Mama mmoja, kichwa wazi, ameinama kwa nguvu zake zote, alikuwa anapanda katika mvua. Mukwa umekaza kwenye paji. Mfereji ule ule. Umejipinda juu ya jicho la kushoto.

"Ngai," alisema mtu wa boda. "Ni yeye."

Basi mlipuko uliotokea hapo ulisikika hadi sokoni. "Mu-kwa! Mu-kwa! Mu-kwa!" Vijana waligawanyika kumpisha, wakapiga makofi, wakapiga mbinja, wakapiga mabati ya ukumbi. Boda zilipiga honi zote kwa pamoja. Watatu walikimbilia kumsaidia mzigo, akawafukuza kwa jicho. Simu ziliinuliwa juu, mamia, na Phyllis aliziona. Alijua picha hizo zitafika kwa Mama Wamae kabla yeye hajafika nyumbani. Hakuinamisha uso. Aliunyanyua kadiri ukanda ulivyomruhusu, wapate vizuri.

Karibu na mlango aliona mzee mmoja kwenye foleni, mkanda wa suruali umefungwa kichwani na mkono mmoja umeshika suruali isianguke.

"Baba Shiro. Hiyo ndiyo ndama?"

"Nilikuwa tu napita," alisema Theuri.

"Funga juu kidogo. Itakuumiza masikio."

Akaingia. Watu wakaingia nyuma yake wakijazana. Alifika mezani, akageuka, akachuchumaa taratibu mpaka maboksi yakagusa meza, akauondoa ukanda kichwani. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, na mvua ilimtiririka usoni. Alikuwa anapumua kwa nguvu na alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miaka mingi.

Shiro alikuwa amepauka. "Maitu, sikujua... nilikuwa nangoja... lebo ziko hapa, nitabandika zote, hata moja haitatoka—"

"Lete moja."

Shiro alimpa lebo moja. Watu walisogea mbele, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia. Phyllis aliibandua kwa kucha, polepole, akamshika binti yake kidevu, akambandika katikati ya paji la uso. Akaikandamiza vizuri isitoke.

"Ni wewe unafaa kufunikwa," alisema. "Unachora watu bila kuwaambia."

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii Phyllis alicheka na koo halikumuuma. Shiro alisimama pale na bei usoni, akicheka na kulia, kamasi na yote.

"Maitu, ile siku ya graduesheni—"

"Nimeona kitambaa," alisema Phyllis. "Nimeona vile inaenda." Alimfuta machozi kwa kidole gumba kile kile alichofutia jalada, kisha akamgeuza kuelekea mezani. "Sasa fungua hizo box. Watu wangu wananyeshewa."